Mabati Yaliyoondoka Mwaka wa Kura

Kila mwaka wa kura unapokaribia, nyumba za hapa Kapsoit huacha kukua. Ukipita barabarani utaona kuta zilizofika kiunoni, nyingine zimefika juu ya madirisha na zinangoja paa, na waashi wamekaa kwenye kibaraza cha duka wakicheza drafti. Saruji ipo madukani na pesa za watu hazijakwisha. Ukimwuliza mwenye ploti kwa nini amesimamisha kazi, atakuambia, "Tungoje kura ipite kwanza," na hutamwuliza zaidi, kwa sababu hata wewe umeyasema maneno hayohayo nyumbani kwako.

Majani ya chai hayangoji. Yanachumwa, yanapimwa kituoni na kupakiwa kwenye lori la kiwanda, kura au bila kura. Mvua ya alasiri inanyesha kama kawaida. Vijana wanaofanya kazi kwa zamu kiwandani wanahitaji chumba cha kulala. Ardhi ni ileile na udongo ni uleule mwekundu, lakini ploti ambayo watu wangeigombania mwezi wa Januari inauzwa kwa bei ya kutupa mwezi wa Julai, halafu Desemba inapanda tena. Nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, na faida na hasara ni mada ninayoipenda. Hata hivyo, kilichonifundisha namna bei inavyoshuka ni mabati yangu mwenyewe.

Ngoja nieleze kwanza mahali penyewe. Wazazi wangu walitoka kwenye milima iliyo ng'ambo ya Sotik, wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Mimi nilizaliwa hapa, katika nyumba za wafanyakazi. Nilipoanza kazi nilinunua ploti ndogo karibu na Kapsoit, kwenye kona ya shamba la mama mmoja mzee ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Ploti iliyo ubavuni mwa yangu aliinunua fundi wa nguo, mama wa makamo tunayemwita Fundi tu, ambaye pia asili yake ni kule kwetu, si hapa. Tulinunua siku moja, tukala wali mmoja nyumbani kwa Kogo, na tangu siku hiyo ua wetu wa michongoma ni mmoja. Yeye alijenga chumba cha mbele cha cherehani na vyumba viwili vya kupangisha nyuma. Mimi nilijenga safu moja ya vyumba vya wapangaji, kisha nikaanza ya pili.

Safu ya pili ilikuwa imefika juu ya madirisha mwaka wa kura ulipotukuta. Nami nikasimamisha kazi kama watu wengine. Mabati ya kuezekea nilikuwa nimeshayanunua, pamoja na milango miwili ya chuma, na vyote nilivifungia katika chumba kilichokuwa wazi.

Wakati huo mama yangu alikuwa amerudi kuishi nyumbani kule milimani. Upepo uling'oa paa la jikoni kwake. Alinipigia simu akasema anapika akiwa amejifunika gunia. Nilifanya hesabu rahisi: hapa nina mabati yanayokaa bure, na kule kuna mama anayenyeshewa. Nikakodi lori. Siku ya soko, mchana kweupe, tukapakia mabati na mlango mmoja wa chuma, na dereva akaondoka kuelekea mjini Kericho, halafu Sotik, halafu kwetu. Nikarudi darasani nikiwa nimefurahi kwamba mama atapika pakavu.

Jioni ile mpangaji mmoja, kijana wa kiwandani, alinijia mlangoni. Alikuwa na adabu kuliko siku zote, na hilo pekee lingenishtua.

"Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nataka kujua kama tutarudishiwa ile pesa ya kuingia, tukitoka mapema."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Bado sijajua. Nilikuwa nauliza tu."

Asubuhi iliyofuata Kogo alileta maziwa. Alikuwa na kawaida ya kuyaleta mwenyewe, akiwa amevaa gambuti na sweta ya marehemu mumewe. Siku hiyo alisimama tu langoni, hakuingia.

"Mwalimu, unahama bila kuaga watu?"

"Kuhama? Nani amesema nahama?"

"Sokoni yote. Lori imejaa mabati na milango, imepita hapo steji, dereva ameulizwa anapeleka wapi, akasema kwenu. Sasa watu waseme nini? Ati umeenda picnic na mabati?"

Nilicheka. Nikamweleza habari ya jikoni ya mama, ya upepo na ya lile gunia. Kogo hakucheka.

"Mimi nimekuamini," alisema. "Pole kwa mama. Lakini sasa utazunguka sokoni ukiambia kila mtu juu ya jikoni? Hao wameona lori. Na Fundi pia ameona. Enda umwone Fundi kabla hujaenda shule."

Nilimkuta Fundi akiwa ameshafunga cherehani yake kwa blanketi na kamba. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa ndani ya magunia. Ukutani palibaki misumari tu, pale palipokuwa pananing'inia sare za shule.

"Karibu, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Nimepata mtu wa kununua. Broka anamleta Jumamosi ya wiki ijayo."

"Kununua nini?"

"Ploti. Si wewe ndiye umenionyesha njia?"

Aliponitajia bei aliyoahidiwa, nilikaa juu ya gunia moja la vitambaa. Bei ile isingetosha kununua hata ploti ya ndani kabisa kule Soin, mbali na barabara na mbali na maji. Chumba chake cha mbele kilikuwa hatua chache kutoka kwenye njia wanayopita wachuma chai asubuhi na jioni. Vyumba vyake vya nyuma havikuwahi kukaa wazi hata mwezi mmoja. Ile ploti ndiyo iliyomsomeshea watoto na ndiyo aliyotegemea kuzeekea. Akiiuza kwa bei ile, pesa zingeisha kwenye kodi ya nyumba mahali pengine, na asingeweza tena kununua hapa wala kwingine.

Nikamweleza habari ya mama. Nilieleza polepole, kama ninavyomweleza mtoto aliyekosa kipindi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi ningesema ni jikoni ya mama," akanijibu.

"Fundi! Nikudanganye wewe?"

"Hunidanganyi. Pengine unajidanganya mwenyewe. Wewe umesoma, una redio, una marafiki ofisini. Kama wewe mwenye mshahara unatoa mabati, mimi mwenye cherehani nangoja nini? Nimeshawahi kungoja, mwalimu. Si hapa. Kule nilikokuwa mwanzo nilingoja kura ipite, nikatoka na hii mikono yangu tu. Cherehani ya kwanza iliungua nikiangalia."

Watu wengine humwambia mtu wa namna hii kwamba hofu yake ni ya bure. Si ya bure. Mtu aliyeona cherehani yake ikiungua anajua jambo ambalo mimi silijui. Nilichoweza kumwuliza ni kingine.

"Na huyo anayenunua, yeye haogopi?"

"Yeye ni wa hapa. Aogope nini?"

"Mwaka wa kura uliopita alinunua?"

Akafikiri. "Alinunua ile ya muuza viatu. Na ile ya nyuma ya posho mill."

"Na sasa kuna nini pale?"

Alijua vizuri. Kwa muuza viatu sasa kuna nyumba ya ghorofa moja yenye duka la dawa chini. Mnunuzi alianza kuijenga kura zilipokwisha tu.

"Kwa hivyo?" akasema. "Yeye ana bahati ya kuzaliwa na watu wake. Hiyo bahati mimi sina."

Alikuwa na haki kwa sehemu, na nilienda shuleni nikilifikiria hilo. Ploti moja inaweza kuwa na hatari mbili tofauti, kutegemea anayeimiliki ni nani. Mnunuzi yule hakuwa shujaa. Hatari ya Fundi haikuwa yake, basi alikuwa anainunua ploti kwa bei rahisi. Lakini sehemu nyingine ya hofu ya juma lile haikutokana na yaliyompata Fundi zamani. Ilitokana na lori langu. Kijana wa kiwandani aliona lori, akauliza pesa zake. Mwenye duka akamwona kijana akiuliza, akakataa kuwakopesha wapangaji wangu sukari. Fundi akaona mwenye duka anakataa kukopesha. Broka akamwona Fundi anakunja vitambaa, akashusha bei. Kila mmoja alimtazama mwenzake akidhani mwenzake anajua kitu. Na mwanzo wa yote ni mama anayenyeshewa.

Sikutaka kujenga juu ya imani tupu. Saa ya chakula nilimfuata Kogo kwenye zizi lake.

"Kogo, nikuulize kitu unijibu kweli. Huku kuna maneno? Mikutano? Mtu amekuja kuongea na vijana?"

Aliendelea kukamua. "Vijana waliitwa kanisani wiki iliyopita. Mchungaji aliongea, wazee wakaongea, na mimi nikaongea sana kuliko wao. Wajukuu wangu walikuwa hapo, niliwaona na macho." Akasogeza ndoo. "Siwezi kukuapia. Mambo ya kura hakuna mtu anaapa. Lakini kama ningesikia kitu ningekuja kwako na miguu yangu kabla ya maziwa. Na nikuambie ingine: nusu ya maziwa yangu inanunuliwa na wapangaji wenu. Mkienda, nitakunywa yote mimi? Nitalipuka!"

Hilo la mwisho lilinipa moyo kuliko yote. Kogo alinipenda, najua, lakini upendo ni kitu ambacho mtu mwenye hofu huwa hakipimi. Maziwa yanapimika. Na mwenye duka alitegemea wapangaji, na mwenye posho mill alitegemea wapangaji waje kusagiwa unga, na wote walikuwa watu wa hapa.

Basi nikafanya jambo ambalo hapa halifanywi mwaka wa kura. Niliagiza lori la mawe ya kujengea. Nililiomba lije siku ya soko, mchana, lipite palepale steji. Dereva alikuwa yuleyule.

"Mwalimu, una hakika?" aliniuliza kwenye simu. "Watu sasa hawaleti mawe."

"Ndiyo maana nataka ulete."

Mawe yalimwagwa mbele ya ploti kwa kishindo kilichowatoa watu madukani. Waashi waliacha drafti yao katikati. Jioni kijana wa kiwandani alipita akayatazama, akaniuliza kama safu mpya itakuwa na umeme, kwa sababu rafiki yake anatafuta chumba. Habari ya pesa ya kuingia hakuitaja tena. Kesho yake mwenye duka akaanza tena kukopesha sukari. Nilikuwa na hofu bado, nisiseme uongo. Usiku nilikuwa nikisikia pikipiki na kuinua kichwa. Lakini nilikuwa nimeitenga hofu ninayoijua sababu yake na hofu niliyoipokea kutoka kwenye macho ya watu, na hii ya pili nikaona sina haja ya kuilipia.

Fundi hakutikisika. Aliyatazama mawe kupitia dirishani.

"Mawe ni yako," alisema. "Wewe hata yakibomolewa una mshahara mwisho wa mwezi. Jumamosi nauza."

Nikamwambia Kogo kwamba nimeshindwa. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa kusimama.

"Nyinyi walimu mnaongea sana," akasema. "Fundi ni fundi. Mpe kazi."

Inabidi nieleze jambo moja kuhusu kwaya ya akina mama wa kanisa letu. Hushona majoho mapya kwa ajili ya Krismasi, na huagiza wiki ya mwisho kabisa. Kila Desemba Fundi hukesha, hutukana, hulia, huapa kwamba mwaka ujao atakataa, na majoho huvaliwa yakiwa bado na uzi wa kushikizia. Ni desturi kama desturi nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kuagiza joho la Krismasi kabla ya Desemba.

Ijumaa alasiri, wakati mvua inaanza, Kogo alifika kwa Fundi akifuatwa na kwaya. Waliingia wakakung'uta matope kwenye gambuti zao, wakajaa chumba kizima. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia langu lilelile.

"Chamgei, Fundi," Kogo akasalimu. "Tumekuja kupimwa."

"Kupimwa nini?"

"Majoho ya Krismasi."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama Kogo, kisha akawatazama wale akina mama waliokuwa wakijifanya wanaangalia dari.

"Krismasi gani? Huu ni mwezi wa kura. Tangu lini kwaya hii ikashona kitu mapema?"

"Tangu leo," mama mmoja akasema. "Tumeokoka."

"Mlikuwa hamjaokoka?" Fundi akauliza, na wote wakacheka, hata yeye kidogo. Halafu akajizuia. "Kogo, mimi si mtoto. Mnanibembeleza."

"Nakubembeleza, ndiyo," Kogo akasema. "Unataka nikuchape? Sikiza. Mimi nilikuuzia hii ardhi. Kama ingekuwa mbaya ningekuuzia ile ya bondeni yenye vyura. Huyo mtu wako wa Jumamosi akijenga ghorofa hapa, nani atashona joho yangu? Mjini wananipima kama mti, wananishonea gunia. Toa tepu. Pima mabega."

"Nimeshafunga kila kitu."

"Fungua."

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Kogo alikuwa ameshavua sweta na kunyoosha mikono pande zote mbili, akangoja hivyo, mikono juu, huku wenzake wakinong'onezana kwamba atachoka. Fundi akafungua gunia la tatu, si la kwanza wala la pili, maana tepu ilikuwa chini kabisa. Akampima mabega. Akampima kifua. Akasema, "Umenenepa," na Kogo akajibu, "Ni maziwa, wapangaji wako hawanunui ya kutosha."

Kisha kiongozi wa kwaya akatoa bahasha na kuiweka mezani. Ilikuwa pesa ya kitambaa, waliyoichanga siku ileile. Fundi aliitazama. Mtu anaweza kukuambia maneno mazuri na kesho akayasahau, lakini akina mama wale nawajua. Hawatoi shilingi mapema kwa fundi wanayedhani Krismasi hatakuwapo, na hawatoi kwa fundi wanayedhani nyumba yake haitakuwapo. Na Fundi aliwajua zaidi yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwadai kila Desemba.

Jumamosi broka alikuja na mnunuzi. Nilikuwa uani na waashi nikasikia yote kupitia dirishani. Cherehani ilikuwa imefunguliwa na kitambaa cha rangi ya zambarau kimejaa mezani.

"Mama, tumekuja kumaliza ile maneno yetu," broka akasema.

"Ile maneno rudini Januari," Fundi akasema. Mguu wake haukuacha kukanyaga.

"Januari bei itakuwa ingine, mama. Leo nakusaidia."

"Najua itakuwa ingine. Ndiyo maana nimesema Januari."

Mnunuzi alicheka, kwa kweli alicheka vizuri tu, akatoka nje na kuyatazama mawe yangu. "Mwalimu," akaniita, "nyinyi mmeanza kujua biashara." Nikamwambia karibu tena. Sikumwona kama adui. Aliona kile ambacho sisi tulikataa kukiona, basi.

Kura ilikuja ikapita. Maduka yalifungwa siku kadhaa. Usiku wa siku mbili tatu hatukulala vizuri, na Kogo alilala chumba cha mbele cha Fundi bila kuombwa, akisema zizi lake linavuja. Hakuna kilichotokea kwetu. Sisemi kwamba kisingeweza kutokea. Kingeweza, na Fundi angekuwa sahihi. Nasema tu kwamba aliamua kwa kitu alichokishika mkononi badala ya lori aliloliona likipita.

Desemba kwaya iliimba ikiwa na majoho yasiyokuwa na uzi wa kushikizia, kwa mara ya kwanza. La Kogo lilimbana mabegani, kwa sababu alikuwa amezidi kunenepa tangu apimwe, naye alimlaumu Fundi hadharani mlangoni mwa kanisa. Fundi akamjibu kwamba mwakani atampima wiki ya mwisho.

Safu yangu ya pili imeisha na imejaa. Fundi ameongeza chumba cha tatu nyuma. Mwaka jana mama alihitaji mlango wa stoo, nikakodi lori tena. Tulipokuwa tunaupakia, Fundi alitoka na sindano mdomoni.

"Mwalimu, huo unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Ni wa stoo."

"Ngoja kwanza."

Akamwita Kogo kwa sauti. Kogo akaja na gambuti zake, akamsikiliza, kisha akapanda mbele kando ya dereva bila kuniuliza. Lori lilipofika steji lilipunguza mwendo, na hata mimi niliyekuwa langoni nilimsikia akipiga kelele kupitia dirishani, kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili, kwamba mlango huu ni wa stoo ya mama ya mwalimu, na mwalimu yuko, na Fundi yuko, na anayetaka chumba aende aulize.